Chungwa Ndani ya Kibuyu cha Jemutai

Watu wa siku hizi wakisikia machungwa wanafikiria yale matamu yanayopanda na lori kutoka Bonde la Kerio. Hawajui kwamba wakati wa Makaburu, mji wetu wa Eldoret ukiwa bado unaitwa Sisibo, tulikuwa na machungwa yetu wenyewe, na yalikuwa makali hivi kwamba ndege akidonoa moja alikuwa anaruka kinyumenyume mpaka Turbo. Baridi ndiyo iliyaharibu. Chungwa linataka jua la kupika, na jua letu la Uasin Gishu ni la kuonyesha njia tu.

Lakini Kaburu mmoja, ambaye watu walimwita Mandevu kwa sababu ndevu zake zilikuwa zinafika mezani kabla yake, alikuwa ameapa. Babu yake alilima machungwa huko kwao kusini, na yeye lazima alime hapa. Akapanda miti nyuma ya nyumba yake, upande wa kwenda Moi's Bridge, ambayo siku hizo ilikuwa na jina la mzungu mwingine. Miti ikakubali. Ikazaa mpaka matawi yakapiga magoti. Matunda yakaiva kwa rangi peke yake, na ndani yakabaki na hasira.

Mke wa Mandevu, Memsabu, hakuwa mtu wa kutupa kitu. Akaanza kuyakamua, anachemsha yale maji na sukari nyingi, anatia kwenye chupa anapelekea watu wa kanisa lao, nao wanamshukuru huku wamefumba jicho moja. Nikisema anakamua, mnanielewa. Aliyekamua hasa ni mjomba wangu Wepukhulu, mpishi wa nyumba hiyo, mtu wa Kimilili, na yeye ndiye aliyenipa hadithi hii. Mjomba alikuwa mkweli. Akitaka kuongeza chumvi alikuwa anakohoa kwanza ili ujue, na katika hadithi hii alikohoa mara chache tu. Nitawaonyesha mahali.

Sasa, katika shamba hilo la Mandevu waliishi Wanandi maskwota, watu ambao walipewa kipande cha kulima na ruhusa ya ng'ombe wachache, halafu wao wanamfanyia Kaburu kazi. Mmoja wao aliitwa Kiprotich, dereva wa gari la ng'ombe, rafiki mkubwa wa mjomba. Mke wake alikuwa Jemutai, msichana wa Cheptiret ambaye hata mwaka hakuwa amemaliza katika boma hilo. Na mama yake Kiprotich alikuwa Jepkosgei. Huyo mama hakuwa mbaya. Alikuwa tu na pua, na pua yake ilikuwa haijawahi kukosea, au ndivyo alivyoamini.

Ng'ombe wao wa maziwa aliitwa Chelel, kwa sababu ya weupe wake, na shida yote ilianzia kwa huyo Chelel.

Katikati ya shamba, juu kidogo ya ile miti ya machungwa, palikuwa na ng'enda. Ni mahali pa udongo mweupe wenye chumvi, pale ng'ombe wanapolamba. Mifugo ya Wanandi ilikuwa inakwenda hapo kabla Kaburu wa kwanza hajafika na gari lake la turubai. Mandevu alipopaona akaamua kuwa ni pa ng'ombe wake peke yao, akazungusha seng'enge ya nyuzi nne na mlango wenye kufuli. Ng'ombe wa maskwota wakabaki nje, wanaangalia.

Ng'ombe aliyenyimwa chumvi ni kama mtu aliyenyang'anywa tumbaku. Hana adabu tena. Chelel alilamba ukuta wa nyumba mpaka udongo ukaisha na fito zikatokea. Alilamba mpini wa jembe. Kiprotich akivua shati kupasua kuni, Chelel anakuja nyuma kumlamba jasho la mgongo. Siku moja mwalimu wa misheni alianika shati lake la Jumapili kwenye ua, na Chelel akalilamba mpaka ikabaki kola, na mwalimu akahubiri akiwa na kola. Hapo mjomba alikohoa.

Maganda ya machungwa, kwa amri ya Memsabu, yalikuwa ya nguruwe. Nguruwe wenyewe waliyaangalia kama watu waliotukanwa. Basi asubuhi moja Wepukhulu anapita na ndoo yake nyuma ya jikoni, akamkuta Chelel amepitisha kichwa kati ya waya za ua wa nyumba, ulimi umetoka nje kama mkono wa mtu anayeomba. Akampa ganda moja kwa mchezo. Likaenda. Akampa lingine, pamoja na ile nyama nyeupe ya chini yake na mbegu. Likaenda. Kutoka siku hiyo, kila asubuhi, ndoo ya nguruwe ilikuwa inamwagwa kwa Chelel, na mjomba anamzungumzia Kibukusu, kwa sababu alisema ng'ombe yule alikuwa msikilizaji kuliko watu wengi anaowajua.

Hapo lazima nieleze kitu kidogo, na mtu asiyetaka masomo aruke mistari michache.

Kwao Wepukhulu mboga haipikwi hivi hivi. Mtu anachoma maganda ya maharagwe, anaweka majivu kwenye chungu kilichotobolewa chini, anamwaga maji juu, na yale yanayodondoka ndiyo munyu wa kulainisha kunde na mrenda. Sasa pale kwa Mandevu maharagwe yalikuwa ya kuhesabiwa, kwa hiyo mjomba akajaribu kuchoma maganda ya machungwa yaliyokauka. Akapata munyu mkali kuliko wa nyumbani. Akajaribu kuchoma na ile nyama ya ndani iliyokwisha kukamuliwa. Ikatoa majivu kidogo tu, hayana nguvu. Yeye hakuuliza kwa nini. Mimi ndiye niliyeuliza, miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu na sina la kufanya isipokuwa kusoma vitabu vya kilimo vya watu wengine. Nikaambiwa hivi: mti unakunywa mawe. Ndiyo, mawe, yaliyoyeyuka ndani ya maji ya ardhi. Halafu unayagawa ndani ya tunda kama mama anayegawa chakula. Ganda na ule weupe wa chini yake vinapewa kalsiamu nyingi, ndiyo chokaa hiyo. Maji ya ndani yanapewa potasiamu. Ukichoma tunda, moto unakula kila kitu isipokuwa yale mawe, nayo ndiyo majivu. Kwa hiyo Chelel alikuwa hali matunda. Alikuwa anakula udongo uliopitia kwenye mti.

Mjomba alinyamazia jambo hilo kwa sababu nzuri. Sheria ya Mandevu ilikuwa kwamba ng'ombe wa skwota asiguse ua wa nyumba yake, akiogopa magonjwa. Akikutwa hapo atapigwa risasi, wenyewe watahama, na aliyemkaribisha atahama nao.

Basi Chelel akanenepa, manyoya yakang'aa, maziwa yakaongezeka. Na maziwa yakaanza kunuka chungwa.

Kwa Wanandi maziwa ya mgeni ni mursik, yale yanayolazwa ndani ya kibuyu. Kabla ya kutiwa, kibuyu kinasuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, kwa kile kifagio chembamba wanachoita sosiot, na makaa hayo ndiyo yanayoyapa maziwa rangi ya majivu na ladha yake. Jina la mwanamke liko humo. Mwanamke anaweza kuwa na ulimi mrefu, anaweza kuwa mvivu wa kupalilia, atasamehewa. Lakini kibuyu chake kikinuka kitu kisichoeleweka, watu wataanza kuuliza alilelewa na nani.

Jepkosgei alinusa mara ya kwanza, akanywa hivyo hivyo. Mara ya pili akamwaga yote. Mara ya tatu akamuuliza Jemutai ni mti gani anachoma. Jemutai akasema ni senetwet, Mama. Jepkosgei akamwangalia tu. Yeye alikuwa na jibu lake tayari, na kusema kweli lilikuwa jibu la mtu mwenye akili. Jemutai alikuwa amelelewa karibu na misheni, na bado Jumapili alikuwa anakwenda kanisani, na pale kanisani, pembeni ya mlango, palikuwa na miti ya ndimu. Nani asiyejua kwamba msichana mwenye haraka anaweza kuvunja kijiti cha karibu badala ya kwenda msituni kutafuta senetwet? Na kumnywesha mtu makaa ya mti asioujua ni kama kumlisha chakula gizani. Hivyo ndivyo habari ilivyotembea kutoka nyumba moja hadi nyingine: mke wa Kiprotich anachoma mti wa misheni.

Mtauliza kwa nini hakuna aliyemnusa ng'ombe. Shamba lote lilikuwa linanuka machungwa. Upepo ulikuwa nayo, nguo zilikuwa nayo, hata Mandevu mwenyewe akipita na farasi wake alikuwa ananuka kama keki. Harufu ikiwa kila mahali hakuna anayeuliza imetoka wapi. Ila ndani ya kibuyu. Hapo ndipo haikutakiwa.

Jemutai akafanya kile ambacho mtu asiye na kosa hufanya. Akaongeza bidii katika kitu ambacho hakikuwa kibaya. Akaenda mbali zaidi kutafuta senetwet, akasugua zaidi, akatia makaa mengi mpaka mursik ikawa nyeusi, na Kiprotich akinywa alikuwa anarudi kazini na masharubu ambayo hakuzaliwa nayo. Bado ilinuka chungwa. Kiprotich alimpenda mke wake na alimwogopa mama yake, na mtu wa namna hiyo ni wa kusafiri tu. Akapakia mahindi, akaondoka na gari lake.

Jepkosgei alipoona mtoto wake ameondoka, akakata neno. Aliwaita wanawake wa ukoo, akamwambia Jemutai atayarishe kibuyu mbele yao wote. Jemutai akatayarisha. Wale wanawake waliangalia kila kijiti kilichoingia motoni, wakakinusa, wakakipitisha mkono kwa mkono. Maziwa yakatiwa, kibuyu kikafungwa, kikatundikwa nyumbani kwa Jepkosgei mwenyewe ili mtu asikiguse. Siku ya kukifungua ikatajwa. Kikinuka sawa, maneno yaishe. Kikinuka chungwa, Jemutai abebe vitu vyake arudi kwa baba yake Cheptiret, kwa sababu basi si mkono wake tu, ni yeye mwenyewe ambaye nyumba hii haimtaki.

Siku chache kabla ya hiyo siku, Jemutai alikuja kwenye mlango wa nyuma wa jiko la Memsabu, akamwita Wepukhulu.

"Shemeji, nisaidie magadi kidogo."

"Ya nini? Nyinyi hamli mboga."

"Ya kuoshea vibuyu vyangu vile vingine. Nataka kuviacha safi. Mtu mwingine atakuja kuvitumia. Asiseme nilikuwa mchafu."

Ndipo akamweleza yote. Mjomba alikuwa ameshika nusu ya chungwa mkononi, anakamua, na aliniambia mkono ulisimama hapo hapo na maji yakaendelea kudondoka yenyewe. Kwa sababu kila Jumapili alikuwa anapewa kikombe cha mursik hiyo na Kiprotich, na aliisikia ile harufu, na aliipenda, na akadhani ni yeye anayenuka.

Akampa magadi. Hakumwambia lolote. Mnaweza kumlaumu, lakini fikirieni. Akisema ukweli kwa mtu mmoja, shamba zima litajua kufikia jioni, na baada ya shamba kujua, nyapara atajua, na nyapara alikuwa na mdomo uliofungwa moja kwa moja kwenye sikio la Mandevu. Chelel atapigwa risasi, na Jemutai atafukuzwa pamoja na mama mkwe wake na boma lote, na mjomba nyuma yao akibeba sufuria yake. Akinyamaza, anaondoka Jemutai peke yake. Aliunguza mayai ya Mandevu siku tatu mfululizo akifikiria hilo, mpaka Memsabu akamuuliza kama kwao kuna mtu amekufa.

Siku ikafika. Wanawake wakakaa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya Jepkosgei. Jemutai alikuwa ameshafunga mzigo wake. Aliufunga mapema kwa sababu hakutaka kuufunga watu wakimwangalia. Jepkosgei akateremsha kibuyu, akakitikisa, akafungua, akamimina kwenye kikombe cha bati. Akanusa. Akampa wa pili. Wa pili akanusa, akampa wa tatu. Kikombe kikazunguka kikarudi, na hakuna aliyekunywa.

Jemutai akainama kuchukua mzigo.

Hapo mtu akakohoa kwenye mlango wa boma. Ni mjomba, na aproni yake bado, na kitambaa kilichofungwa fundo mkononi.

"Kogo," akamwambia Jepkosgei, kwa heshima wanayopewa nyanya zao. "Kabla hajatoka, naomba uonje kitu."

"Mtu wa jikoni kwa Mandevu anatafuta nini hapa?"

"Maziwa, kama kawaida yangu."

Wakacheka kidogo. Mmoja akasema watu wanaokula majani, majani yakiisha wanakumbuka ng'ombe wa wenzao. Mjomba akamjibu kwamba kweli, lakini yeye angalau hajawahi kunywa makaa akaita chakula. Hata Jepkosgei akakaribia kucheka, akajizuia.

Basi akawaeleza, sauti chini, kuhusu ndoo na ua na maganda. Jepkosgei alisikiliza mpaka mwisho, halafu akatikisa kichwa. Ng'ombe anakula nyasi. Nani amesikia ng'ombe wa kula ngozi ya tunda, tena tunda ambalo hata ndege wanalikimbia? Na kwa nini mpishi amtetee mke wa Kiprotich kwa namna hiyo, Kiprotich mwenyewe akiwa safarini? Wanawake wakaangaliana. Mjomba aliona maneno yake yanamchimbia Jemutai shimo la pili, kubwa kuliko la kwanza.

Akafungua kitambaa. Ndani palikuwa na majivu meupe.

"Usiniamini mimi. Onja tu."

Jepkosgei aligusa kwa kidole, akapeleka kwenye ulimi. Akagusa tena. Halafu, yule mama ambaye hakuwahi kukaa mbele ya mwanaume asiye wa kwao, akakaa chini kwenye nyasi.

"Hii ni ng'enda," akasema.

Akalamba kidole tena.

"Nilikuwa napeleka ng'ombe wa baba yangu pale juu. Wao wanalamba, na sisi wasichana tunalamba vidole." Akamwangalia mjomba. "Umeingiaje ndani ya waya?"

"Sikuingia, Kogo. Nimechoma maganda ya machungwa. Miti yake iko chini ya ng'enda. Maji ya mvua yanateremka na ile chumvi, mizizi inakunywa."

Jepkosgei akaangalia juu, kule kwenye ng'enda. Mandevu alikuwa ameweka waya juu ya ardhi, na chini ya ardhi hakuweka kitu. Chumvi yao ilikuwa imetembea polepole mpaka kwenye mizizi, ikapanda mti, ikaingia ndani ya ganda, ikaruka ua ndani ya ndoo ya nguruwe, ikarudi nyumbani kwa miguu ya Chelel. Na yeye ndiye aliyekuwa akiimwaga.

Akainuka, akaenda mpaka kwa Chelel aliyefungwa pembeni, akamshika pembe, akaweka pua yake karibu kabisa na mdomo wa ng'ombe. Chelel akampumulia usoni. Mjomba alisema pumzi ile ilikuwa na chungwa kali hivi kwamba inzi walianguka. Alikohoa hapo, lakini kidogo.

Jepkosgei akarudi. Akawaangalia wanawake mmoja mmoja.

"Mpishi amekuja kuomba maziwa," akasema. "Kuna aliyesikia kitu kingine?"

Hakuna aliyesikia. Mmoja akasema yeye siku hizi hata masikio hayafanyi kazi vizuri. Na niwaambie kwamba nyapara hakujua, na Mandevu hakujua mpaka alipouza shamba, na wale wanawake walikuwa wengi. Hapo mjomba hakukohoa hata kidogo.

Halafu Jepkosgei akachukua kile kikombe cha bati, akanywa chote bila kupumzika. Midomo ikabaki na weusi wa makaa. Jemutai alikuwa bado amesimama na mzigo, hajui auweke wapi. Mama mkwe hakumwambia pole. Watu wa rika lake hawakuwa na neno hilo kwa mtu mdogo. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kibuyu chake mwenyewe, kile cha zamani, chenye ufa ulioshonwa kwa uzi na shanga, ambacho tangu aolewe hakuna mkono mwingine uliowahi kukisugua. Akamtoa Jemutai mzigo kichwani, akauweka chini, akampa kibuyu.

"Hiki kinataka senetwet," akasema. "Nichomee wewe. Macho yangu hayaoni vizuri ndani."

Macho yake yalikuwa yanaona mbuzi upande wa pili wa bonde.

Kutoka siku hiyo Jepkosgei alianza kuokota kuni kila asubuhi nyuma ya jiko la Memsabu, mahali ambapo hapakuwa na mti wa kuni hata mmoja, na ng'ombe mweupe anamfuata kama mtoto. Akisikia mtu anakuja, anasimama na kanga yake imetandazwa mbele ya waya mpaka Chelel amalize. Mandevu alimwona mara moja kwa mbali, akamwambia Wepukhulu kwamba yule mama mzee anajua kufanya kazi, si kama wengine.

Msimu wa machungwa ukaisha. Memsabu akafunga chupa zake, ndoo ikabaki na maganda ya viazi. Jemutai akatayarisha kile kibuyu cha ufa kama alivyoagizwa, senetwet safi, mkono wa kawaida, akampelekea mama mkwe wake kikombe. Ilikuwa mursik nzuri kabisa, ya majivu, haina harufu ya kitu chochote cha kigeni.

Jepkosgei akaonja, akarudisha kikombe, akasema kuna kitu kimepungua.